Kimeng'enya Kinachotoboa Gamba la Nzige

Katikati ya mwaka 2009 helikopta ilipita chinichini juu ya mbuga za Iku huko Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la mto Malagarasi, ikinyunyizia makundi ya nzige wekundu kabla hayajaruka. Kwa mtu aliyezoea kuona ndege za kupuliza dawa, hapakuwa na ajabu. Ajabu ilikuwa ndani ya tangi. Humo hamkuwa na sumu ya kiwandani bali spora, yaani mbegu ndogondogo za kuvu aina ya Metarhizium, zilizochanganywa na mafuta na kupewa jina la biashara la Green Muscle. Mwezi Juni mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitangaza kwamba hekta 10,000 zimeshughulikiwa, na kwamba kiuatilifu hai hakijawahi kutumika dhidi ya nzige barani Afrika kwa ukubwa huo. Kama nzige wale wangeachwa, mazao ya chakula ya watu wapatao milioni 15 yangekuwa hatarini.

Nzige aliyepata dawa hiyo hafi palepale. Kwanza hamu ya kula inapungua. Halafu analegea, anakuwa windo rahisi la ndege na mijusi, na wengi hufa ndani ya wiki moja hadi tatu. Ni mwendo wa polepole unaomkera mkulima aliyezoea sumu inayoangusha wadudu siku hiyohiyo. Lakini humo katikati, kati ya spora kutua mgongoni na nzige kulala chali, inafanyika kazi ambayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Kuvu haina meno wala mwiba, na nzige hakuila. Ilitua tu juu ya gamba lake. Imeingiaje?

Gamba la nzige limejengwa kwa kitu kiitwacho kaitini. Ni mnyororo mrefu wa sukari zenye naitrojeni. Minyororo hiyo hulala bega kwa bega, ikashikana kuwa nyuzi ngumu, na nyuzi zikafukiwa ndani ya protini. Fundi ujenzi ataelewa haraka: kaitini ndiyo nondo, protini ndiyo zege. Kaa na kamba wa baharini huongeza chokaa juu yake, ndiyo maana gamba la kaa linavunjika kwa mlio na la senene linatafunika. Kaitini imo pia kwenye mdomo mgumu wa ngisi, kwenye ganda la mayai ya minyoo ya udongoni na kwenye kuta za chembe za kuvu zenyewe, uyoga ukiwamo. Ukiacha selulosi ya mimea, hakuna mnyororo wa sukari ulio mwingi duniani kuliko huu. Hata hivyo binadamu hana, ng'ombe hana, kuku hana, wala mahindi na nyanya hayana. Chochote kinachokata kaitini, basi, hakikuti cha kukata mwilini mwa mkulima wala kwenye zao lake, na hilo ndilo lililowavutia wataalamu wa kilimo tangu zamani.

Kinachoikata ni kundi la vimeng'enya viitwavyo kaitinezi. Kila kimoja ni protini ambayo hukamata mnyororo, huingiza molekuli ya maji kwenye kiungo kati ya sukari mbili, na kiungo kinaachia. Vingine hukata katikati ya mnyororo, vingine huanzia mwishoni na kwenda vikimega vipande vya sukari mbilimbili, na vingine humalizia vipande hivyo kuwa sukari moja moja.

Wadudu wenyewe wanavyo. Wasingekuwa navyo wasingekua, maana gamba halitanuki. Wengi wameshawahi kuona jikoni mende mweupe kama karatasi na kudhani ni mende wa aina nyingine. Huyo ni mende wa kawaida aliyetoka kuvua gamba dakika chache zilizopita. Chini ya gamba la zamani mwili wake ulimwaga majimaji yenye kaitinezi na vimeng'enya vya protini, yakayeyusha tabaka la ndani la gamba hilo, naye akayafyonza yaliyoyeyuka akajengea gamba jipya. Baada ya saa chache anarudi kuwa kahawia.

Historia ya elimu hii ina watu wa kushangaza. Mwaka 1811 Mfaransa Henri Braconnot alitenga kutoka kwenye uyoga kitu kigumu kisichoyeyuka, na mwaka 1823 Mfaransa mwenzake, Auguste Odier, akakipata kitu hichohicho kwenye mabawa magumu ya mbawakawa akakipa jina kinalotumia hadi leo. Umbo lake halisi lilikaa miaka mia bila kueleweka vizuri. Mwaka 1929, katika Chuo Kikuu cha Zurich, kijana wa Kiswisi aitwaye Albert Hofmann alilishughulikia katika tasnifu yake ya udaktari. Badala ya kuipiga kaitini kwa tindikali kali, alichukua majimaji ya tumbo la konokono wa mashamba ya mizabibu, ambaye vimeng'enya vyake huikata kwa upole, akachunguza vipande vilivyobaki. Hofmann huyu ndiye baadaye, mwaka 1943, aligundua nguvu za LSD juu ya akili ya mtu. Dunia inamjua kwa hilo la pili. La konokono limebaki kwa wachache, ingawa ni kazi safi zaidi.

Turudi mgongoni kwa nzige. Spora ikitua na kupata unyevu, huchipua kijiuzi. Kijiuzi hicho hutambaa kidogo, kisha ncha yake huvimba na kugandama kwenye gamba. Kutoka kwenye uvimbe huo kuvu hufanya mambo mawili kwa pamoja: husukuma kwa shinikizo, na humwaga vimeng'enya. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walionyesha kwamba zipo zamu. Vimeng'enya vya kuvunja protini hutangulia, kwa sababu nyuzi za kaitini zimefunikwa. Zege likishabomoka ndipo nondo zinaonekana na kaitinezi zinaanza kumwagwa. Kuvu hupenya, huingia kwenye damu ya nzige, huzaliana humo, na mdudu anakwisha.

Mpangilio huo wa zamu unajibu swali ambalo msikilizaji huenda ameshajiuliza: kwa nini wasikitoe kimeng'enya peke yake, wakakijaza kwenye chupa, mkulima akapulizia? Wamejaribu kwa njia nyingi. Maabara ni nyingi zilizosafisha kaitinezi na kuona inavyowadhuru wadudu na ukungu ndani ya vyombo vya kioo. Shambani mambo hubadilika. Protini tupu juu ya jani huchomwa na jua, hukauka, huoshwa na mvua. Ikifika kwenye gamba bila mwenzake wa kuondoa protini, inakuta nyuzi hazifikiki. Na kuitengeneza kwa wingi ni ghali mno kwa kitu kitakachofanya kazi siku moja. Kuvu hai inatatua matatizo yote matatu bila kuombwa. Hubeba vimeng'enya vyote vinavyohitajika, huvimwaga mahali panapotakiwa tu, na kwa mpangilio sahihi. Mafanikio karibu yote ya kaitinezi mashambani yamepita njia hii: anayeuzwa ni mtengenezaji, na kimeng'enya kinakuja ndani yake. Mwaka 2005 watafiti wa China waliipa kuvu nyingine inayoua wadudu, Beauveria, uwezo wa kutengeneza kaitinezi nyingi kuliko kawaida yake, ikawa kali zaidi kwa vidukari. Lakini hata hapo kimeng'enya kilibaki ndani ya mwenyeji wake.

Virusi navyo vimejifunza ujanja huo. Viwavijeshi wanaoshambulia mahindi na malisho Afrika Mashariki hupatwa na virusi vyao wenyewe, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizovijaribu mashambani kama dawa. Kiwavi aliyeugua virusi vya jamii hii hupanda juu ya mmea, hujining'iniza, halafu huyeyuka. Siyo lugha ya kupamba. Ngozi inalegea, inapasuka, na kilichokuwa kiwavi kinadondoka kama uji kwenye majani ya chini, kikiwa kimejaa mamilioni ya virusi vya kumsubiri kiwavi mwingine. Kinachoyeyusha ni kaitinezi ambayo virusi vimemlazimisha kiwavi kuitengeneza, ikisaidiwa na kimeng'enya cha protini. Wanasayansi walipoondoa jeni hizo kwenye virusi vya aina hii maabara, viwavi walikufa ila miili ikabaki mizima.

Kwa mkulima wa bustani, hata hivyo, kaitinezi inayomfikia zaidi imo kwenye pakiti ya Trichoderma kwenye duka la pembejeo. Hii ni kuvu inayokula kuvu. Kila mwenye kitalu cha nyanya au kabichi anaijua kinyausi: miche imeota vizuri jioni, asubuhi imelala, shina limelika usawa wa udongo. Mmoja wa wahusika ni kuvu iitwayo Rhizoctonia. Trichoderma ikikutana nayo udongoni huizungukazunguka, hujiviringisha kwenye nyuzi zake, na kumwaga kaitinezi na wenzake hadi ukuta unatoboka. Huko Kenya wakulima wa maua na mboga za kuuza nje wameizoea, kwani soko la Ulaya lina macho makali juu ya mabaki ya sumu. Kosa linalojirudia ni la mtu anayemwaga Trichoderma leo na kesho akapulizia dawa ya kawaida ya ukungu. Dawa haichagui. Inaua kuvu mbaya na ile iliyonunuliwa kwa pesa.

Ipo pia njia ya kuwaita watengenezaji bila kuwanunua. Magamba ya kamba na kaa yakisagwa na kuchanganywa na udongo, bakteria na kuvu zinazokula kaitini huongezeka. Magamba yakiisha zinageukia mayai ya minyoo fundo, ambayo ganda lake lina kaitini. Nchini Marekani iliwahi kuuzwa bidhaa ya aina hiyo. Jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimelitazama suala hili kupitia nzi wa BSF, wale ambao mabuu yao hufugwa kwa taka na kulishwa kuku. Maganda wanayoyaacha yalikuwa uchafu. Mwaka 2022 watafiti wake walichapisha matokeo kwamba kaitini iliyotolewa humo inasaidia kupunguza mnyauko bakteria wa nyanya.

Bakteria wa mnyauko hawana kaitini. Hilo linaonekana kama mkanganyo mpaka mtu atazame upande wa mmea. Mmea hauna kaitini lakini unaifahamu vizuri, kama harufu ya mwizi. Ukivamiwa na kuvu, hutoa kaitinezi zake na kukata ukuta wa mvamizi. Vipande vinavyodondoka vinanaswa na vipokezi kwenye ngozi ya chembe, na mmea mzima unaingia katika hali ya tahadhari dhidi ya maadui wa kila aina. Kuvu nazo hazikukaa kimya. Ile inayoleta ukungu wa majani ya nyanya hutoa protini ya kufunika kaitini yake isikatwe, na nyingine ya kuokota vipande kabla vipokezi havijaviona. Mwaka 1991 watafiti waliipa tumbaku jeni ya kaitinezi kutoka kwa maharage, ikastahimili Rhizoctonia kuliko tumbaku ya kawaida. Yalikuwa matokeo makubwa wakati ule. Hata hivyo, mashamba ya dunia hayakujaa mazao ya aina hiyo, na vita hivyo vya kukata na kufunika ni sehemu ya sababu.

Kaitinezi za mimea humfikia mtu pia kwa mlango mwingine. Wapo wahudumu wa afya wenye mzio wa glovu za mpira wa asili ambao wakila ndizi mbivu au parachichi midomo inawawasha na kuvimba. Baadhi ya kaitinezi za matunda hayo zina kipande kinachofanana sana na protini ya utomvu wa mpira, na kinga ya mwili inashindwa kuvitofautisha.

Adui mkubwa wa Afrika Mashariki, malaria, naye anaishi kwa kimeng'enya hiki. Mbu jike akishafyonza damu, utumbo wake hujenga utando kuizunguka, na utando huo una kaitini. Vimelea vya malaria vilivyoingia na damu hupandana humo ndani, kisha lazima vitoke nje ya utando vifike kwenye ukuta wa utumbo, la sivyo vitasagwa pamoja na chakula. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wakichunguza malaria ya kuku walionyesha kwamba kimelea hutoka kwa kaitinezi yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye likafuata jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la mauti: katika malaria hiyo ya kuku kaitinezi hutolewa ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha mmeng'enyo cha mbu mwenyewe. Mbu anaifungulia njia. Watafiti walipoweka kwenye damu kizuizi kiitwacho alosamidini, kilichogunduliwa Japani, kimelea kilikwama. Mwaka 2001 ikathibitika kwamba hata Plasmodium falciparum, yule wa kwetu, akiharibiwa jeni ya kaitinezi hushindwa kwa kiasi kikubwa kuuvamia utumbo wa mbu. Chanjo mbili zinazotolewa sasa kwa watoto wa Afrika, RTS,S na R21, hazigusi hatua hii. Hulenga kimelea kinapoingia mwilini mwa mtu. Wazo la chanjo itakayomfuata kimelea hadi tumboni mwa mbu bado liko mikononi mwa watafiti.

Kipindupindu kina hadithi inayofanana. Bakteria wake, akiwa majini, hujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo sana, jamaa wa kamba, na kuyala kwa kaitinezi. Kutokana na ujuzi huo mtafiti Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijiji vya Matlab, Bangladesh, kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne. Bakteria mmoja mmoja hupita kwenye kitambaa, lakini viumbe waliombeba hawapiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha wagonjwa wa kipindupindu wamepungua kwa asilimia 48.

Na tumbo la binadamu je? Watu wa Bukoba na Masaka wanaongoja msimu wa senene, na wa magharibi mwa Kenya wanaokinga kumbikumbi, waliambiwa kwa miaka mingi kwamba gamba la mdudu hupita tumboni kama lilivyoingia. Sivyo kabisa. Tumbo la binadamu linatengeneza kaitinezi inayofanya kazi ndani ya tindikali, ingawa watu hawalingani: watafiti wa Italia waliopima maji ya tumbo mwaka 2007 walikuta wengine wanayo na wengine karibu hawana. Mwaka 2018 mtafiti Christopher Emerling na wenzake walilinganisha jeni za mamalia 107. Walao wadudu kwa wingi, kama mhanga, wanazo jeni nyingi za kaitinezi zinazofanya kazi. Binadamu anayo moja nzima, na mabaki ya nyingine tatu zilizoharibika. Hoja yao ni kwamba mababu wa mbali wa mamalia hawa, wakati wa dinosauria, walikuwa walaji wa wadudu. Binadamu ana pia kaitinezi nyingine inayotolewa na chembe za kinga, na katika ugonjwa wa kurithi wa Gaucher, unaovimbisha ini na bandama, kiwango chake katika damu hupanda mara mamia. Madaktari hukipima ili kufuatilia kama tiba inafanya kazi.

Linabaki suala la taka. Kila mwaka viwanda vya dunia vinavyomenya kaa na kamba hutupa magamba yanayokadiriwa kufikia tani milioni 6 hadi 8. Yanaweza kuwa na kaitini asilimia 15 hadi 40. Njia ya kawaida ya kuitoa ni tindikali kali ya kuondoa chokaa, kisha magadi makali ya kuondoa protini, na maji machafu mengi yanayobaki. Ukiendelea kuichemsha kaitini kwa tindikali unapata glukosamini, ile inayouzwa kwa wenye maumivu ya magoti, lakini tindikali inang'oa kipande kimoja cha sukari ya asili. Kaitinezi haiking'oi. Japani, kwa njia hiyo ya vimeng'enya, hutengenezwa sukari kamili ya kaitini, tamu kidogo mdomoni, inayowekwa kwenye vyakula na virutubisho.

Kizuizi kimekuwa kasi. Nyuzi za kaitini zimebanana kiasi kwamba kimeng'enya hakipati pa kuanzia. Chuo kikuu cha Ås nchini Norwe kilikuwa kikichunguza bakteria aitwaye Serratia marcescens, fundi mkubwa wa kula kaitini, na protini yake ndogo iliyoonekana haikati chochote bali inang'ang'ania tu. Mwaka 2005 wakaona kwamba ikiwepo, kaitinezi zinakwenda mbio zaidi. Mwaka 2010 Gustav Vaaje-Kolstad, Vincent Eijsink na wenzao wakaeleza kwa nini: inakata kweli, ila haitumii maji peke yake, hutumia oksijeni, na hukata juu ya uso uleule mgumu ambao wengine hawawezi kuushika, ikaacha ncha mpya za kuanzia. Jamaa za protini hiyo zinazokata selulosi ziliwahi kuingia haraka kwenye vimeng'enya vya kutengeneza mafuta ya magari kutokana na mabua. Kwa upande wa magamba ya kamba mambo yamekwenda taratibu zaidi, maana tindikali bado ni rahisi kwa bei, na anayelipia kusafisha maji machafu ya kiwanda mara nyingi si mwenye kiwanda.